Shajara ya lango: mita 110 kati ya gari na maji

Wiki ya 1, Jumamosi

Leo hatukuchimba kitu. Tumekaa watatu juu ya jiwe lililo kati ya uwanja wa magari na bwawa, tangu asubuhi mpaka jua lilipotufukuza, tukiangalia watu wanavyoshuka garini na wanakoelekea. Eneo hili la mapumziko halikosi kitu. Lina njia ya miguu inayopanda kilimani, lina njia ya baiskeli inayozunguka msitu, na bwawa lenyewe limetulia, unapiga kafi mpaka mkono uchoke. Kinachokosekana ni mlango. Mtu anafika, anaegesha penye kivuli, kisha anaanza kutafuta pa kupenya.

Mama mmoja alikuja peke yake, kayaki, ule mtumbwi mwembamba wa kupiga kafi, juu ya gari. Kayaki ya aina ile ina mita 4 na nusu na kilo 25 hivi, si mzigo wa kuchezea. Aliishusha ncha moja kwanza, akaiegemeza kwenye bampa, akageuka kuchukua kafi na jaketi okozi. Kugeuka tu, kayaki ikateleza ikapiga chini. Akaibeba begani hatua kama thelathini, akaitua, akapumua, akaibeba tena. Kwenye ukingo wa mawe alishuka kinyumenyume, mkono mmoja umeshika mzizi, mwingine umeshika kishikio cha ncha. Baiskeli mbili zikampita hapohapo, moja kulia na moja kushoto. Tulihesabu mapumziko matano kati ya gari na maji. Baadaye tukavuta futikamba: mita 110.

Basi mradi ni huo: kutengeneza mita hizo 110. Baadhi ya wenzetu wangependa tuanze na vibao vya kule ndani, kilomita ya saba, na madaraja ya mbao yanayopendeza kwenye picha. Mimi nimekataa. Anayeshindwa mita 110 za mwanzo hataiona kilomita ya saba.

Wiki ya 1, Jumapili

Jana jioni tulipiga reki. Kila kijia kinachotoka maegeshoni tulikisawazishia mchanga mwembamba, upana wa hatua mbili, kisha tukaondoka. Leo mchana tumerudi kusoma. Soli za viatu, tairi zenye meno, mburuzo mrefu wa kitako cha mtumbwi, na mbwa mmoja aliyepita karibu kila mahali. Ni njia ya bei rahisi ya kujua watu wanapita wapi, na haisumbui mtu kwa maswali.

Vijia ni 6. Njia rasmi, ile yenye mshale na kibao, mchanga wake tuliukuta kama tulivyouacha. Nilitaka kuwalaumu watu, mpaka niliposimama mlangoni mwa gari langu na kutazama. Njia rasmi inaanzia nyuma ya choo. Ukiwa garini huioni, wala huoni maji kupitia huko. Kijia cha tatu ndicho kinachoonyesha bwawa likimeremeta kati ya miti miwili, na huko ndiko wote wameelekea. Mtu hulifuata jicho lake.

Wiki ya 2, Jumamosi

Siku ya kupima. Fundi mawe wetu alikuja na pima maji ya mita 1, na hiyo imetutosha. Unalaza ncha moja chini, unainua nyingine mpaka kipovu kikae katikati, halafu unapima pengo lililobaki chini ya ncha uliyoinua. Pengo la sentimita 8 ni mteremko wa asilimia 8. Hata aliyetoroka darasa la hesabu anaweza.

Kijia cha tatu kinaanza na asilimia 6, kinafika 12 katikati, na pale kwenye mizizi ni 23. Hapo ndipo udongo umeondoka wote, mizizi imebaki kama mbavu. Kijia kinashuka moja kwa moja na kilima, kwa hiyo maji ya mvua nayo yanakifuata kama mfereji. Wajenzi wa njia za milimani wana kanuni moja wanayoiita ya nusu: mteremko wa njia usizidi nusu ya mteremko wa kilima inachokatiza. Kilima kikiwa asilimia 20, njia isizidi 10. Ukizidi hapo, maji hayavuki njia tena, yanageuka abiria wake. Kanuni hii imesambazwa sana na IMBA, chama cha waendesha baiskeli za milimani kilichoanzishwa Marekani mwaka 1988, lakini mtembea kwa miguu naye inamfaa vilevile.

Tumepata na namba kubwa ya kazi yote. Kutoka usawa wa maegesho hadi usawa wa maji tunashuka mita 9. Kwa mita 110 hiyo ni wastani wa asilimia 8 na kidogo. Tukitaka asilimia 5, ambayo mtu wa kiti cha magurudumu anaimudu kwa urefu wowote, tunahitaji mita 180. Maana yake, ili njia ifae watu wengi zaidi, lazima iwe ndefu zaidi. Watu wa kayaki hawajaipenda habari hii.

Wiki ya 2, Jumapili

Mzee mmoja anayetumia kiti cha magurudumu alikubali kuja kutukagua. Kijana wetu, kwa nia njema, alikimbilia nyuma ya kiti.

"Mzee, nikusukume?"

"Wewe tembea kando yangu, mwanangu. Ukinisukuma utajifunza nini?"

Tukatembea naye juu ya kipande cha majaribio tulichosawazisha, mita 15. Mimi nilikuwa nimejiandaa kusikia habari za mteremko. Yeye akasema mteremko ana ubavu nao. Kinachomuua ni mwinamo wa pembeni. Akanionyesha: kiti kikiwa kwenye sakafu iliyoinama kulia, gurudumu la kulia lazima apige zaidi ili asitoke njiani. Kwa mita 15 tu, mkono wake wa kulia ulikuwa umefanya kazi mara mbili ya wa kushoto. Nilijaribu kiti chake (aliniruhusu, huku akicheka) na nikaishia kwenye nyasi.

Hapa pana mgogoro halisi. Kitabu cha kila mjenzi wa njia kinasema sakafu iiname kuelekea bondeni asilimia 3 hadi 5, ili maji yavuke na kutoka. Sakafu hiyohiyo ndiyo inayompeleka mzee bondeni. Mwongozo wa Marekani wa mwaka 2013 kwa maeneo ya mapumziko yaliyo chini ya serikali kuu unaruhusu mwinamo wa pembeni hadi asilimia 5 kwenye njia isiyo na lami. Mimi baada ya leo naona 5 ni nyingi. Tumeamua 2, na maji tutayashughulikia kwa njia nyingine: mtaro mdogo upande wa juu, na vibonde vingi zaidi njiani vya kuyatolea nje. Kutoka mwongozo huohuo tumechukua pia mipaka ya mteremko wa njia. Hadi asilimia 5, nenda upendavyo. Kutoka 5 hadi 8.33, si zaidi ya mita 61 kabla ya pa kupumzikia. Hadi 10, mita 9 tu. Hadi 12, mita 3. Upana usipungue sentimita 91 na nusu, ingawa sisi tumeweka mita 1.5 ili mwenye kiti na mwenye kayaki wapishane bila kuombana radhi.

Wiki ya 3

Kikao. Watu wa miguu, watu wa baiskeli na watu wa maji kwenye benchi moja. Nitaandika kifupi kwa sababu kilikuwa kirefu.

Kijia cha tatu kinavukwa na mwisho wa njia ya baiskeli, ambao unatoka msituni kwa kasi. Kila mtu alikuwa na kisa chake cha kukoswakoswa.

"Dada, baiskeli zetu zina kengele," akasema mmoja.

"Kengele haina breki, kaka," akajibiwa.

Tukaenda kupima. Baiskeli inayotoka msituni kwa kilomita 20 kwa saa inakula mita 5.6 kila sekunde. Mwendeshaji akishtuka, sekunde moja na nusu inapita kabla ya mkono kukaza breki. Hizo ni mita 8 tayari. Ongeza za kusimamia na umefika mita 13, hapo udongo ukiwa mkavu na breki nzima. Kutoka kwenye kona ya mwisho hadi kijia ni mita 9. Hakuna aliyebisha tena, maana futikamba ilikuwa bado imelala chini.

Tumekubaliana mambo matatu. Desturi ya njia za pamoja ibaki: gurudumu limpishe mguu, anayeshuka ampishe anayepanda. Mwisho wa njia ya baiskeli usogezwe hadi panapoonekana kwa mita 25. Na baiskeli zipunguzwe mwendo kwa njia yenyewe, si kwa kibao. Kibao cha POLEPOLE kipo pale miaka yote, kimetobolewa kwa mawe.

La nne ndilo nililolipenda, na halikutoka kwangu. Kijana wa mitumbwi alituuliza kwa nini tunapima kutoka maegeshoni wakati kuna barabara ya zamani ya kutolea magogo, inayoshuka hadi kwenye uwanda mdogo. Tukapima: uwanda uko mita 3 chini ya maegesho. Mtu akishushia mzigo pale kisha akarudisha gari juu, inabaki kushuka mita 6, na kwa asilimia 5 hiyo ni njia ya mita 120. Mita 60 zimeondoka kwenye ramani kwa swali moja. Nilikuwa nimepita kwenye barabara hiyo mara ishirini nikiiona kama magugu.

Wiki ya 4 na 5

Kuchimba. Majembe, sururu, makoleo, toroli mbili, moja yenye pancha isiyozibika. Njia imewekwa alama kwa vigingi na kamba, na kila mita 5 tunapitisha pima maji. Sina mengi ya kusema juu ya udongo wa kawaida. Unachimba upande wa juu, unatoa kifusi, hujengi upande wa chini kwa kifusi hichohicho kwa sababu kitabomoka mvua ya kwanza. Sakafu yote ikae juu ya udongo uliokuwepo tangu zamani.

Kokoto ndizo zimenipa somo. Kijito cha jirani kimejaa changarawe nzuri, laini, za mviringo, za bure. Mimi ndiye niliyesema tuzitumie. Tukamwaga toroli arubaini na kitu, tukasawazisha, tukatazama kwa fahari. Kisha mtu akapitisha baiskeli. Tairi la mbele likazama, likageuka, mwendeshaji akashuka bila kupenda. Changarawe ya mtoni imesuguliwa na maji mpaka imekuwa gololi, na gololi hazishikani hata ukizishindilia wiki nzima. Kinachotakiwa ni kokoto za kupasuliwa, zenye kingo, pamoja na vumbi lake. Kingo zinaumana, vumbi linajaza nafasi, unanyunyizia maji kidogo, unashindilia sentimita 5, unaongeza 5 nyingine, unashindilia tena. Kesho yake pamekuwa kama sakafu.

Siku mbili zimepotea kuzoa changarawe zangu. Hakuna aliyeniambia neno, ila kila toroli ilipopita karibu yangu ilipunguza mwendo.

Wiki ya 6

Mvua! Nilikuwa naisubiri kama mwenye deni anavyosubiriwa. Nilivaa koti nikaenda kusimama njiani, maana njia haikaguliwi siku kavu.

Mwanzoni maji yalikuja kama uzi, kando ya jiwe la juu. Uzi ukapata mwenzake, wakawa utepe wa upana wa kiganja, ukaingia njiani ukaanza kuteremka nayo. Kibonde cha kwanza kilifanya kazi yake: utepe ulifika chini kabisa ya kibonde, ukazunguka mara moja kama unaotafakari, ukatoka upande wa bondeni. Cha pili vilevile. Cha tatu majani makavu yalikuwa yameziba mdomo wake. Maji yakajaa, yakapanda, yakaruka kibonde, na kutoka hapo yalishuka mita 14 juu ya kokoto zangu mpya huku yakibeba vumbi lote. Nilichokonoa majani kwa ncha ya kiatu na bwawa lile dogo likatoka kwa kishindo, lakini vumbi lilishaondoka. Kokoto zimebaki zimekodoa macho.

Marekebisho: mdomo wa kila kibonde sasa una upana wa mita 1 na nusu badala ya nusu mita, na umeinama zaidi. Mdomo mwembamba huzibwa na jani moja. Tumepanga pia zamu ya reki baada ya kila mvua kubwa, kazi ya dakika ishirini.

Wiki ya 7

Gati. Kosa hili ni langu pia, na lilitangulia mradi. Msimu uliopita tulijenga ngazi za mawe hadi majini, imara, za kuringia. Bwawa lilikuwa limejaa. Baada ya hapo maji yalishuka sentimita 70 na ngazi ya mwisho ikabaki inaning'inia juu ya tope. Watu walikuwa wanaruka kutoka hapo na mitumbwi mikononi. Bwawa linapanda na kushuka. Chochote kilichojengwa kisisogee kitafaa kwa wiki chache tu za mwaka.

Kwa hiyo sasa gati linaelea. Mapipa ya plastiki ya lita 200, yamefungwa chini ya fremu ya mbao. Pipa moja likizama lote linabeba takriban kilo 200 ukitoa uzito wake lenyewe, lakini hatutaki lizame lote. Tunataka sakafu ikae sentimita 25 juu ya maji. Hapo ndipo mtu anakaa ukingoni, anaweka miguu ndani ya kayaki, anahamisha kiuno. Gati la boti za injini huwa juu zaidi, na mwenye kayaki akifika hapo ananing'inia kama nguo kwenye kamba. Tumelifunga kwa pete kwenye nguzo mbili ili lipande na kushuka na maji, na limeunganishwa na nchi kavu kwa daraja dogo la mita 6 lenye bawaba upande wa nchi kavu.

Mzee wetu alikuja kulijaribu. Tulikuwa tumemtengenezea benchi la usawa wa kiti chake, na ubao laini wa kutelezea. Alihama kutoka kiti kwenda benchi, kutoka benchi kwenda ukingoni, kisha akasimamisha kazi.

"Hapa nashika nini?"

Tukatazamana. Tulikuwa tumefikiria kila kitu isipokuwa mkono wake. Jioni hiyohiyo fundi alifunga bomba la chuma juu ya sehemu ya kuingilia, kimo cha mtu aliyekaa kwenye kayaki kuinua mikono. Siku ya pili kila mtu alikuwa analishika, na wenye magoti mabovu walikuwa wa kwanza.

Wiki ya 8

Sehemu ya kuoshea, karibu na uwanda wa kushushia, mbali na maji ili uchafu usirudi bwawani. Brashi, pampu ya mkono, na kibao cha maneno matatu: SAFISHA, MWAGA, KAUSHA. Kuna aliyesema hiki ni kibao cha kujipamba. Nilimkumbusha magugu maji, mmea wa Amerika Kusini uliosafiri kwa mkono wa binadamu mpaka ukafunika maziwa yasiyoujua. Na kome pundamilia walionekana katika Maziwa Makuu ya Amerika Kaskazini mwaka 1988, wakiwa wameletwa na maji yanayobebwa matumboni mwa meli. Tangu hapo wanahamishwa ziwa hadi ziwa na vyombo vidogo vya watu wa mapumziko. Mabuu yao hayaonekani kwa macho. Maji kidogo yaliyosahauliwa ndani ya mtumbwi yanatosha.

Choo tumekijenga upya, si tena mbele ya njia. Ni cha shimo lenye bomba refu la hewa, mtindo uliobuniwa Zimbabwe miaka ya 1970. Ndani giza, bomba linatoka juu ya paa na wavu mdomoni. Upepo unavuta harufu juu; nzi wanafuata mwanga wa bomba, wanagota kwenye wavu. Kiko zaidi ya mita 30 kutoka majini. Imetosha kuhusu choo.

Wiki ya 9

Bango la lango. Nilidhani ni kazi ya siku moja, imekuwa wiki.

Kila mtu alitaka lake liwemo: historia ya msitu, ndege, makatazo kumi na manne. Nikachukua karatasi nikaenda kukaa kwenye jiwe la wiki ya kwanza, nikaangalia watu wanavyosoma bango la zamani. Walio wengi husimama sekunde chache, kichwa kimeelekea njia tayari. Kwa hiyo juu kabisa tumeandika yale tu yanayomfanya mtu aamue aende au asiende: urefu wa njia, mteremko wa kawaida na ule mkali kuliko wote, upana mwembamba kuliko wote, na sakafu ni ya nini. Hatukuandika "rahisi" wala "ngumu" kwa mtembeaji. Rahisi kwa nani? Mzee akiona "asilimia 9 kwa mita 7, sakafu ya mizizi" anajua mwenyewe.

Kwa baiskeli tumetumia alama zinazotambulika zilizotoka kwenye michezo ya theluji: duara la kijani, mraba wa buluu, almasi nyeusi. Muda wa kutembea tumeukokotoa kwa kanuni ya William Naismith, Mskoti, ya mwaka 1892: saa moja kwa kila kilomita 5, na saa moja zaidi kwa kila mita 600 za kupanda. Njia ya kilima ni kilomita 8 na inapanda mita 300, kwa hiyo dakika 96 na 30, saa 2 na dakika 6. Tumeandika saa 3. Naismith alikuwa mpanda milima na hakutembea na watoto.

Bango halikai kando ya njia. Liko mbele ya mlango, palepale jicho linapotafuta maji kati ya ile miti miwili, chini kidogo ili lisizibe.

Wiki ya 10, Jumamosi

Tumefungua bila sherehe, tumeondoa kamba tu. Saa moja baadaye pakawa na msongamano.

Ili kupunguza mwendo wa baiskeli kwenye makutano tulikuwa tumepanga mawe makubwa kwa mpishano: moja kulia, moja kushoto, moja kulia, nafasi ya mita 1.5 kati yake. Tulijaribu baiskeli, zikapunguza. Tulijaribu kiti cha magurudumu, kikapita vizuri. Tukapongezana. Leo akaja bwana mmoja anavuta kayaki ya mita 5 juu ya kigari chake cha magurudumu mawili. Akaingia pindi la kwanza. Ncha ikagusa jiwe la pili. Akarudi nyuma, kitako kikagusa la kwanza. Nyuma yake familia yenye mtumbwi, nyuma yao baiskeli nne, na mimi nimesimama pembeni na kofia ya mradi kichwani.

Upana tuliupima, urefu hatukuupima. Kitu kirefu hakikati kona kama mtu. Tumeondoa mawe yote kwenye mstari wa watu wa maji, sasa umenyooka kutoka uwandani hadi gatini, na mapindi yamebaki upande wa baiskeli peke yake, kabla hazijafika kwenye makutano. Watu wanne na nondo za kubinulia, saa mbili. Yule bwana wa kayaki alitusaidia, tena alikuja na mbinu ya kuviringisha jiwe juu ya magogo mafupi ambayo sikuwa naijua.

Wiki ya 10, Jumapili

Reki tena, vijia vyote sita, kama wiki ya kwanza. Vitano tumeshavifunga kwa matawi na kupanda nyasi. Kilichobaki ndicho kilichogeuka njia.

Njia mpya: mchanga umevurugwa hausomeki, nimeacha kuhesabu. Vinne kati ya vilivyofungwa: hakuna kitu. Cha tano, kile cha karibu na jiwe letu: jozi moja ya viatu, kwenda na kurudi, mtu mzima, ana haraka. Nilifuata nyayo. Zinaishia mahali penye kivuli kizuri, ambapo hapakuwa na benchi. Benchi moja limeongezwa kwenye orodha ya wiki ijayo, na kijia cha tano nitakipeleka mpaka hapo kisha nikikate.

Nimepita gatini kabla ya giza. Kipimo cha maji kwenye nguzo kinasoma sentimita 212. Jumapili iliyopita kilisoma 219. Gati limeshuka nayo, na daraja la mita 6 ambalo lilikuwa asilimia 10 sasa ni 11. Likifika 12 nitaongeza kipande cha pili cha daraja. Mbao zake zimeshakatwa, ziko chini ya turubai kando ya toroli yenye pancha.